Nusu ya Babu Kwenye Tangi

Ukutani mwa sebule ile kulikuwa na misumari tisa. Kila msumari ulikuwa na kikombe kimoja cha plastiki. Kila kikombe kilikuwa na rangi yake, na kila rangi ilikuwa na mwenyewe. Ole wake mtoto aliyegusa kikombe cha mwenzake! Kesi yake ilisikika mpaka nyumba ya tatu.

Mwenye sebule alikuwa mwanamke mchangamfu. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wadogo wakati wazazi wao wako kazini. Watoto walimwita Shangazi. Baadaye wazazi nao wakamwita hivyo hivyo, hata wale waliomzidi umri. Alianza na mtoto mmoja wa jirani. Baada ya miaka saba walikuwa tisa, na wengine walikuwa wakisubiri nafasi.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, watoto walitoka kucheza uani. Walikuwa wanahema na kutoka jasho. Shangazi akawapa maji kama kawaida. Wanane walipokea. Mmoja alirudisha kikombe. Huyo alikuwa msichana wa miaka minne. Walimwita Kidole, kwa sababu kidole gumba chake hakikukauka hata siku moja.

"Sitaki," alisema.

"Kwa nini, mama? Na jua lote hili?"

"Yananuka soksi."

Basi ikawa balaa. Watoto wote wakaingiza pua kwenye vikombe.

"Yangu yananuka soksi ya baba!"

"Yangu ya kaka!"

"Yangu ya miguu yote miwili!"

Shangazi alicheka nao. Angefanya nini? Lakini moyoni hakuwa na kicheko. Alijua watoto wanasema kweli. Wiki mbili sasa alikuwa anaisikia harufu ile.

Hakukaa bure wiki hizo mbili. Aliosha vikombe mara mbili mbili. Akabadilisha sabuni. Akachemsha maji, yakapoa, yakanuka vilevile. Akakamulia limau. Sasa ilikuwa soksi yenye limau.

Mume wake naye alijaribu. Yeye alikuwa fundi baiskeli, na karakana yake ilikuwa pale pale karibu na geti. Alinunua chupa ya dawa ya kutibu maji. Chupa ilikuwa na maelezo ya vipimo, lakini fundi hakuwa mtu wa kusoma vipimo. Alizoea kukadiria kwa jicho. Kwa mnyororo wa baiskeli, jicho lilimtosha. Akapanda ngazi, akamimina chupa nzima kwenye tangi.

"Tayari," alisema akijipangusa mikono. "Harufu kwaheri."

Jioni mke wake alinusa maji akakunja uso. "Mume wangu, umeilaza soksi hospitalini."

Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, mama yake Kidole alikuja kumchukua mtoto. Alikuwa karani katika ofisi moja, mtu wa maneno machache na mwenye macho makali. Kidole alimwambia habari za maji kabla hata ya kumsalimia. Karani akachukua kikombe, akafungua bomba la jikoni, akanusa. Hakukunja uso. Afadhali angekunja.

"Shangazi," alisema, "mimi nakuamini. Mtoto wangu anakupenda kuliko anavyonipenda mimi, na wala sioni wivu. Lakini maji haya siwezi."

"Tunalishughulikia, dada. Nipe muda kidogo."

"Kesho nitamwacha kwa mdogo wangu. Jumatatu nitakuja naye, nitayanusa tena. Yakiwa hivi, nitamtafutia mahali pengine. Na wenzangu wakiniuliza sababu, sitawaficha. Unisamehe."

Alimshika mtoto mkono, wakaondoka. Shangazi alibaki mlangoni na kikombe mkononi. Kituo chake hakikuwa na kibao wala tangazo. Kilijengwa kwa maneno ya wazazi, mmoja akimwambia mwingine. Maneno hayo hayo yangeweza kukibomoa kwa wiki moja. Lakini jambo jingine lilimuuma zaidi. Je, kama maji yale yanawadhuru watoto? Usiku ule hakula vizuri.

Sasa lazima nikueleze habari za tangi, maana bila tangi hii hadithi haina miguu.

Tangi lilikuwa la plastiki nyeusi. Lilisimama uani juu ya mnara mfupi wa matofali. Mwenye tangi alikuwa Babu, baba yake fundi baiskeli. Babu aliishi chumba cha nyuma, na kiti chake alikiweka chini ya tangi, kama askari wa lindo. Tangi lilipowekwa, miaka mitatu kabla, Babu alimpa fundi bomba maagizo ya ajabu.

"Bomba la kupeleka maji nyumbani liweke katikati ya tangi," alisema. "Si chini. Katikati."

"Lakini mzee, maji ya chini hayatatoka."

"Ndivyo ninavyotaka."

Fundi bomba aliuliza mara tatu, akajibiwa mara tatu. Mwisho akatoboa pale alipoambiwa. Nusu ya juu ikawa maji ya kutumia kila siku. Nusu ya chini ikawa akiba. Chini kabisa kuliwekwa koki ndogo yenye kufuli, na ufunguo Babu aliuvaa shingoni kwa kamba. Kila aliyeuliza alipewa jibu moja: "Akiba haiozi."

Kwa bahati njema, tangu hapo maji ya mtaa hayakuwahi kukatika zaidi ya nusu siku. Kwa hiyo kufuli halikufunguliwa hata mara moja. Kisha mwezi uliopita upepo mkali uliangusha kifuniko cha tangi, kikapasuka. Babu akaweka gunia mdomoni mwa tangi. Juu ya gunia akaweka ubao. Juu ya ubao akaweka jiwe. Akashuka ameridhika.

Ijumaa asubuhi alifika msoma mita wa ofisi ya maji. Alikuwa mama mnene kidogo, mwepesi wa kutembea, mwenye buti za mpira na daftari kwapani. Mtaa mzima ulimwita Mama Mita. Watu wengi walimkwepa, kwa kuwa walidhani kila afikapo huleta shari. Lakini fundi baiskeli hakumkwepa. Alimsubiri getini na spana mkononi.

"Afadhali umekuja! Maji yenu yananuka. Mnatuletea maji gani?"

"Na wewe habari za asubuhi," alijibu Mama Mita.

Fundi akaona haya. "Nzuri. Karibu. Lakini yananuka."

"Yananuka nini?"

"Soksi na hospitali."

Mama Mita hakubisha wala hakukasirika. Aliweka daftari juu ya tandiko la baiskeli. "Kabla hatujagombana, tuyanuse. Bibi wa nyumba, niletee glasi tatu safi. Ziwe za kioo, zilizooshwa na kusuuzwa vizuri. Glasi yenye sabuni ni shahidi wa uongo."

Shangazi akaleta glasi tatu. Mama Mita akajaza ya kwanza kwenye bomba la uani, lile lililo karibu na mita. Ya pili akaijaza jikoni, ya tatu bafuni. Chini ya kila glasi alibandika kipande cha karatasi chenye alama. Kisha akazichanganya na kuzipanga kwenye benchi nje, mbali na nyumba.

"Kwa nini tuje nje?" aliuliza Shangazi.

"Kwa sababu ukinusa maji juu ya sinki, unanusa na sinki. Mara nyingi harufu ya mayai yaliyooza hutoka kwenye tundu la maji machafu. Maji hayana kosa, yanasingiziwa tu. Haya, nuseni. Msiangalie chini."

Fundi akanusa. Shangazi akanusa. Babu naye akaja na kiti chake, akanusa. Wote watatu walisema glasi ya kati hainuki, ila ina harufu kidogo tu ya dawa. Zile mbili zilinuka vibaya. Mama Mita akainua glasi ya kati na kusoma alama.

"Hii ni ya bomba la uani. Haya ndiyo tunayowaletea. Hayajapita kwenye tangi."

Fundi baiskeli aliduwaa. Bomba la uani alilitumia yeye peke yake, kujazia karai la kutafutia matundu ya mipira ya baiskeli. Mipira ilikuwa inaogelea kwenye maji safi, na yeye alikuwa anakunywa soksi.

"Hiyo harufu kidogo ya dawa ni nini?" aliuliza Shangazi.

"Ni klorini. Inaua vijidudu njiani. Kidogo ni kawaida. Usipoipenda, weka maji kwenye chombo safi, funika kwa kitambaa safi, yaache saa chache. Harufu itapungua. Sasa tazama: jikoni yananuka, na bafuni pia. Yangenuka jikoni tu, tungelikagua bomba la jikoni. Yananuka kote kunakotoka tangini. Mzee, shikamoo. Tunaomba kuliona tangi."

"Marahaba," alisema Babu. "Tangi halina kosa."

"Tulione tu, mzee."

"Maji yale ni akiba. Na akiba haiozi."

Mama Mita alitabasamu. "Methali ni ya kweli, mzee wangu. Ila walioitunga hawakuwa na tangi lililofunikwa kwa gunia."

Fundi alicheka, kisha akaona uso wa baba yake, akanyamaza. Babu alikuwa ameushika ufunguo shingoni.

"Nyinyi ni watoto," alisema. "Hamuujui mwaka ule wa shida ya maji. Huyu mwanangu alikuwa anatambaa. Mama yake alishikwa na homa. Midomo ilimkauka mpaka ikapasuka. Aliomba maji. Nikatoka na ndoo asubuhi, nikapanga foleni na mamia ya watu. Nilirudi jioni na robo ndoo. Robo! Alipona, namshukuru Mungu. Lakini niliapa kwamba nyumbani kwangu hakuna mtu atakayeomba maji tena akakosa."

Fundi baiskeli aliitazama mikono yake. Hakuwahi kuisikia habari hiyo.

Shangazi hakuwa amewahi kumpinga baba mkwe wake. Alikuwa mkwe mwenye adabu, na alijivunia hilo. Lakini alipiga magoti karibu na kiti chake, akasema polepole.

"Baba, jana mtoto aliomba maji. Nikampa, akayarudisha. Alikuwa na kiu, na maji yapo, lakini hakunywa. Mama yake amemchukua. Jumatatu huenda wote wakaondoka. Baba, nisaidie. Naogopa."

Babu alimtazama mkwe wake muda mrefu. Kisha akavua kamba shingoni.

"Lete ngazi," alimwambia mwanawe. "Na uishike vizuri, mimi si kijana."

"Wewe kaa, Baba. Nitapanda mimi."

"Nilifunika mimi. Nitafunua mimi."

Akapanda. Akatoa jiwe, ubao na gunia. Gunia lilikuwa limelowa na kuota ukungu. Babu akachungulia ndani, akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Kuna nini, Baba?"

"Majani." Akachungulia tena. "Na tope. Na mjusi mmoja, Mungu amrehemu."

Alishuka ameinamisha kichwa. "Nimewanywesha watoto maji ya mjusi," alisema. Machozi yalimlengalenga.

"Mzee, usijilaumu," alisema Mama Mita. "Kuweka akiba si kosa. Kosa ni kuyafunga maji mahali pamoja miaka mitatu. Maji ya kunywa yanataka vitu viwili: yafunikwe na yatembee. Yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka. Ya kwako yamekaa na tope. Kifuniko kilipopasuka, majani yakaingia, yakaozea humo na joto hili. Harufu ikapanda mpaka nusu ya juu."

"Na dawa niliyotia?" aliuliza fundi.

"Uliipima?"

"Kwa jicho."

"Kwa jicho!" Mama Mita alitikisa kichwa. "Dawa ya maji hupimwa kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Ikizidi ina madhara. Na ukiitia juu ya tope, inapoteza nguvu. Kwanza usafi, kisha dawa."

"Mimi nilichemsha," alisema Shangazi.

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Ni vizuri sana. Lakini hakuondoi tope wala mjusi. Na sikilizeni hili, mlikumbuke. Maji yakinuka petroli, mafuta ya taa au rangi, msinywe, msipikie, wala msichemshe. Yaacheni na mpige simu ofisi ya maji siku hiyo hiyo. Lingine: maji kutonuka si cheti cha usafi. Mengine hayanuki na yana ugonjwa. Ila harufu ikibadilika ghafla, hiyo ni hodi. Mtu akibisha hodi, mnakwenda kutazama."

Aliwaambia watumie bomba la uani kwa kunywa na kupikia mpaka tangi liwe safi, na maji ya watoto waendelee kuyachemsha. Kisha akasoma mita, akaandika kwenye daftari, akaaga. Getini aligeuka. "Jumamosi alasiri sina kazi. Nitapita."

Jumamosi asubuhi fundi baiskeli alifunga maji yanayoingia tangini. Babu mwenyewe akafungua kufuli. Lilikuwa limeshika kutu, likataka mafuta ya mnyororo. Koki ilipofunguka, maji yalitoka meusi kama chai isiyo na maziwa, yakaingia kwenye mtaro. Babu alisimama akiyatazama mpaka tone la mwisho. Iliyokuwa ikienda ni akiba yake ya miaka mitatu, na ilimuuma. Kisha akakunja mikono ya shati.

Alasiri fundi alitaka kuingia ndani ya tangi. Mama Mita alifika wakati ule ule, akampigia kelele kutoka getini.

"Toka hapo! Ndani hakuna hewa ya kutosha. Ukizimia, nani atakutoa? Tumia brashi yenye mpini mrefu."

Wakaifunga brashi mpya kwenye fito ndefu. Walisugua kuta na sakafu ya tangi kwa maji safi, wakasuuza, wakasugua tena. Hawakutumia sabuni yenye manukato, kwa sababu nayo huacha harufu. Mara ya nne maji yalitoka meupe.

Fundi bomba akaitwa. Alipomwona Babu alianza kucheka kabla ya salamu. Babu akamwambia, "Cheka, kijana. Umesubiri miaka mitatu." Bomba la nyumbani likashushwa chini, kiasi cha kiganja kimoja juu ya sakafu ya tangi, ili maji yote yatembee na tope kidogo libaki. Tundu la katikati likazibwa. Kwenye bomba la kumwagia maji yaliyozidi wakafunga wavu mdogo wa kuzuia wadudu. Kifuniko kipya kikanunuliwa, kile chenye kujifunga kwa kuzungusha.

Kisha wakajaza tangi. Fundi baiskeli akasoma maelezo ya dawa kwa sauti, neno kwa neno, huku Babu akishika kipimo. Wakafungua kila bomba la nyumba mpaka harufu ya dawa ikatoka, wakayafunga. Dawa ikakaa kwenye tangi na kwenye mabomba mpaka Jumapili asubuhi. Hakuna aliyeyatumia maji yale. Asubuhi wakayamwaga yote, wakasuuza, wakajaza upya.

"Na akiba yangu?" aliuliza Babu. Alijaribu kuuliza kama jambo dogo.

Mama Mita alikuwa ameshalifikiria hilo. Aliwaonyesha namna ya kuweka akiba. Madumu manne yaliyooshwa vizuri, yasiyowahi kubeba mafuta wala kemikali, yanajazwa maji safi na kufungwa kabisa. Yanakaa kivulini. Kila dumu linaandikwa tarehe. Kila mwezi maji yake yanatumika na mapya yanawekwa.

"Nani atashika tarehe?" aliuliza Shangazi, ingawa alijua.

"Swali gani hilo?" alisema Babu. Alikwisha kuchukua chaki.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi karani alifika na Kidole. Shangazi alikuwa amesimama jikoni. Alijua kazi yote imefanyika, lakini moyo haujui kusubiri.

Karani alifungua bomba mwenyewe. Alijaza glasi, akatoka nayo nje, akanusa. Akanusa tena. Shangazi akamwomba ampe, ayachemshe kwanza kama ya watoto. Karani akatikisa kichwa, akayanywa yote, akaiweka glasi chini.

"Mmefanya nini?" aliuliza.

Shangazi akamweleza yote, pamoja na gunia na mjusi. Hakuficha kitu. Babu alisikiliza kutoka kwenye kiti chake akitazama chini.

Karani akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyemjua nayo, "Tangu Ijumaa mtoto amekataa maji nyumbani. Nikadhani ni deko. Jana nikayanusa. Kumbe yetu nayo yananuka, na pua yangu ilishazoea. Nilikuja kukuhukumu, Shangazi, na kwangu sijawahi hata kupanda kuliona tangi."

Babu aliinua kichwa. "Kifuniko chake kinafunga?"

"Sijui, Babu."

"Mara ya mwisho lilioshwa lini?"

"Sijui."

Babu aliinuka kwenye kiti. Mgongo ulikuwa umenyooka. "Kuanzia Alhamisi tumieni maji yapungue. Msijaze. Jumamosi asubuhi nakuja na brashi yangu, na huyu fundi baiskeli atashika ngazi. Na wewe utasoma vipimo, maana wewe ni karani."

"Nitashukuru sana, Babu."

Saa ilikuwa inakwenda. Karani alimvua mwanawe mkoba, akaukabidhi kwa Shangazi, akambusu mtoto utosini. Kisha akatembea haraka kwenda kazini.

Mtoto akabaki.